Kengele ya Jovina

Pomerode, 9 Machi 1987

Kwako Bi Zoraide Pimentel,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si mwalimu, si mchungaji aliyenipa kipaimara. Mchana, mama akiwa zamu kiwandani na baba amelala, mimi huingia ndani ya kabati la nguo la chumba cha wageni, nikajifungia humo na tochi, nikasoma mchezo wa kuigiza. Na si kusoma tu, huwa nauzungumza. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali dogo tu uso unaniwaka na sauti inapotelea tumboni, mle kabatini, katikati ya makoti yanayonuka kafuri, ninakuwa Jovina mtumishi wa ndani, na sauti inatoka hata najishangaa.

Sasa unaelewa kwa nini naandika. Tangazo lenu nililiona gazetini, lile linalosema mnakusanya michezo yote ya marehemu Benvindo Carvalhal, na kwamba sehemu ya tatu ya "Lifti ya Nyuma" haijulikani iliko. Bi Zoraide, mimi najua iliko. Iko ndani ya sanduku la viatu, chini kabisa, hatua nane kutoka hapa nilipokaa.

Kurasa ni kumi na tisa, za mashine ya chapa, zina mihuri. Zilikuwa za mjomba wangu, marehemu, aliyefanya kazi kwenye majumba ya maigizo huko Rio. Hakuna anayejua kama ninazisoma.

Nina miaka kumi na sita. Shuleni kwetu asubuhi tunasoma kwa Kireno, na mchana, siku tatu kwa wiki, kwa Kijerumani, lugha ya mababu wa mji huu. Barua hii niliiandika kwanza kwa Kijerumani, kwa sababu baba, mtu wa Sergipe, hajui hata neno moja la huku kwa kina mama, na akiiona atadhani ni kazi ya shule. Halafu ndiyo nikaigeuza kwa Kireno. Kwa hiyo nisamehe kama kuna sentensi zinazotembea kwa kuchechemea.

Ukijibu, tafadhali tuma kwa anwani ya shule, niliyoiandika nyuma ya bahasha. Tangazo nililikata gazetini kwa mkasi na baba ameligundua tundu. Tangu asubuhi anazunguka nalo nyumba nzima, anachungulia katikati yake kama dirishani. "Nani kanikatia gazeti? Mtu akikata, angalau aseme amekata nini!"

Nasikia sapatu zake. Naficha.

Wako mwenye heshima,
Gerlinde Rauh


São Paulo, 20 Machi 1987

Mwanangu Gerlinde,

Niruhusu nikuite hivyo. Nina miaka sitini na miwili, na kwa umri huu nina haki ya kuwaita watu wanangu hata kama hawanitaki.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, kwa sababu ofisi yetu iko juu ya duka la vitambaa na sikuweza kungoja kufika juu. Nilipomaliza nikakaa palepale kwenye ngazi. Muuza vitambaa akaniuliza, "Bibi, umeanguka?" Nikamwambia, "Ndiyo, baba, nimeanguka, niache hukuhuku chini kwanza."

Sikiliza nikueleze ni kitu gani unakilalia juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa Jovina. Sijui kama mjomba wako aliwahi kukusimulia namna kazi zilivyokwenda wakati ule wa serikali ya wanajeshi. Mchezo ulipelekwa ofisi ya ukaguzi nakala tatu, kila ukurasa ukapigwa mhuri, na kabla ya kufungua milango ilibidi tuucheze wote, tukiwa tumevaa na taa zote zimewashwa, mbele ya wakaguzi wa serikali peke yao. Ukumbi wa viti mia sita, watu watatu. Ilikuwa saa tisa mchana, Agosti ya mwaka sabini na moja. Mmoja alilala tangu sehemu ya kwanza. Wa pili alikuwa akiitazama saa yake kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Wa tatu alikuja na takia lake la kukalia, akaliweka kitini taratibu kama anayelaza mtoto, akaketi wima. Sisi nyuma ya pazia tulimbatiza palepale: Bwana Takia.

Siku mbili baadaye sehemu ya tatu ilirudi imepigwa mstari mwekundu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Tulipogoma kuucheza bila mguu wake, polisi wakaja, wakachukua kila nakala, ukumbini na nyumbani kwa Benvindo. Miaka minane alijaribu kuiandika upya. Kila akimaliza ananiletea, nasoma, namtazama, yeye mwenyewe anatikisa kichwa: "Siyo hii, Zozó." Alikufa akisema siyo hii.

Kwa hiyo mchezo ule, mwanangu, umechezwa mzima mara moja tu duniani, mbele ya watu waliokuja kuuua, na mmoja wao alikuwa anakoroma.

Usizitume kurasa zenyewe kwa posta. Nakili kwa mkono. Nakili kila kitu kilichomo kwenye karatasi, usiache hata doa la kahawa. Benvindo alikuwa na tabia ya kuongeza maelekezo ya jukwaani kwa mkono wake pembeni, baada ya kupiga chapa, kwa herufi kubwa. Hayo hasa usiyaruke. Nusu ya akili yake ilikuwa pembeni mwa karatasi.

Na usiogope sauti yako. Mimi nilianzia ndani ya pipa la maji.

Zoraide


Pomerode, 14 Aprili 1987

Mpendwa Bi Zoraide,

Zimo kurasa zote kumi na tisa. Imenichukua wiki tatu, kwa sababu dakika ninazopata ni zile za baba kulala tu, na nilikuwa naacha kuandika nikaanza kuigiza, hasa kuanzia pale lifti inaposimama kati ya ghorofa ya saba na ya nane.

Nilidhani naujua kwa moyo. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuandika neno moja baada ya jingine kwa mkono wako ni kingine. Ni kama kupanda ngazi alizopanda mwenyewe. Lifti ya watumishi imekwama tangu asubuhi, juu kuna karamu, hakuna anayeuliza Jovina yuko wapi, ila kengele inamwita. Inalia, naye anajibu kwa adabu, "Naja, bibi," na hawezi kwenda popote. Inalia tena, "Naja, bibi." Mara saba. Kila "naja" niliinakili kwa mwandiko uleule, na kila moja ilinitoka tofauti, sijui kwa nini. Halafu inalia ya nane na hajibu. Anavua viatu, anavipanga vizuri kama vya mtu mwingine. Anatutazama sisi. "Wewe uliyekaa hapo. Hii kengele si ya nyumbani kwako?"

Nilipofika hapo kalamu ilisimama yenyewe. Niliwaza, mtu mmoja alikaa kwenye meza, akiwa na mikono miwili kama yangu, akatoa hiki kitu kichwani. Sikujua kama binadamu anaruhusiwa.

Jumapili tulialikwa chakula kwa mkuu wa kiwanda anakofanya kazi mama, karamu ya kipaimara cha binti yake. Katikati ya kula yule bibi akachukua kakengele kadogo ka shaba akakatikisa, na dada mmoja akatoka jikoni haraka anafuta mikono. Wenzangu waliendelea kula. Mimi uma ulinianguka.

Jambo jingine. Wiki iliyopita nusura nikamatwe. Baba aliamka mapema, akaniona mezani.

"Unaandika nini, Linde?"

"Kijerumani, baba."

Akavaa miwani, akainama, akatazama juujuu. "Lugha ya kina mama yako ina maneno marefu kama treni ya mizigo. Mtu anaanza neno leo, analimaliza kesho kutwa." Akanibusu kichwani, akaenda kuchemsha kahawa. Na chini ya daftari la Kijerumani Jovina alikuwa yuko palepale, kati ya ghorofa ya saba na ya nane.

Ana roho nzuri sana, baba yangu. Nataka ujue hilo. Kila Jumapili anatupikia kuskusi ya mahindi ya kwao, kwenye chungu alichokuja nacho, na bibi mzaa mama anaila kwa uma huku akisema "hiki ni chakula cha kuku," halafu anaongeza mara mbili.

Nina swali dogo. Yule mkaguzi uliyesema alikuwa na takia. Takia lenyewe lilikuwa la rangi gani?

Wako,
Gerlinde


São Paulo, 2 Mei 1987

Linde wangu,

(Naona baba yako anakuita hivyo, na mimi nimejikaribisha.)

Ndiyo yenyewe! Ndiyo hii! Nimeisoma mara kumi na moja. Ya kwanza nilijifungia chooni kwa sababu nilikuwa nalia kama mtoto mdogo, na kijana wetu wa chapa akawa anagonga: "Dona Zoraide, kuna wengine wana shida!" Mara ya pili niliwasomea wote ofisini kwa sauti. Chini muuza vitambaa aliacha kupima.

Na wewe umenakili vizuri, kama nilivyokuomba, hadi pembeni. Kulikuwa na kitu pembeni ambacho sikukijua. Siku ile ya wakaguzi hakikuwemo kwenye karatasi niliyojifunzia, kwa hiyo lazima aliongeza baadaye kidogo, kabla polisi hawajaja. Pale Jovina anapouliza swali lake, wewe umeandika, kwa herufi kubwa: UKUMBI WOTE UTAACHA KUPUMUA. HATA MIMI.

Linde. Nimemjua Benvindo miaka thelathini. Alikuwa hajisemi. Ukimuuliza habari za moyo wake anakujibu habari za bei ya maharage. Na huyu mtu, katika maelekezo ya jukwaani, mahali ambapo msomaji wa kawaida wala hapitii, ameandika "hata mimi." Nimekaa na maneno hayo mawili wiki nzima. Tumeshaamua: yatakuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, peke yake, kabla ya jina la mchezo wowote. Juzuu zote mbili zinaingia mtamboni tarehe 30 Juni.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Kwenye kurasa zako kengele inalia mara nane. Nami kila nikifumba macho nasikia tisa. Siku ile, baada ya swali, nilinyamaza muda mrefu kuliko tulivyofanyia mazoezi, nadhani mgonga kengele alidhani nimesahau maneno, akagonga tena. Na ile ya tisa, ikilia baada ya swali, haikuwa tena kengele ya yule bibi wa karamu. Ilikuwa yao, wale waliokaa vitini. Nakumbuka, au nadhani nakumbuka, Benvindo akinishika mikono nyuma ya pazia, ananiambia, "Iache iwe tisa, Zozó, usiku wa kufungua iwe tisa." Lakini usiku wa kufungua haukuwepo. Mgonga kengele amekufa, Benvindo amekufa, na wenzangu wawili waliobaki wanasema nimeota. Mhariri hawezi kuweka ndoto kwenye kitabu. Itabaki nane.

Sasa niambie jina la mjomba wako. Kuzificha kurasa hizi kulimhitaji mtu jasiri kweli. Nataka jina lake liwe la kwanza kwenye shukrani.

Takia? Buluu, lina kifungo kimoja katikati, cha rangi nyingine. Mbona unauliza?

Zoraide


Pomerode, 2 Juni 1987

Bi Zoraide,

Nakuomba usiweke jina la mtu yeyote kwenye shukrani.

Na ule mstari wa pembeni pia nakuomba usiuweke. Uondoe ukurasa wa kwanza na uuondoe kwenye mchezo. Nilikosea.

G. R.


São Paulo, 10 Juni 1987

Linde,

Mwezi mzima kimya, halafu mistari minne kama ya mtu wa benki.

Ulikosea nini? Mtu hawezi kukosea kwa kunakili maneno ambayo hayapo. Hukuyatunga wewe, maana kama uliyatunga wewe basi funga mizigo uje São Paulo kesho, tukuchapishe. Kama ni woga, nauelewa, mimi nao umenila ujana wangu wote. Lakini wakati ule umepita, mwanangu, hakuna tena wa kuja kugonga mlango kwa sababu ya karatasi. Au kuna mtu nyumbani amekukataza? Huyo baba mwenye kuskusi?

Nakuambia ukweli kwa sababu umenizoesha ukweli. Kurasa zimeshapangwa. Zikiingia mtamboni na mstari ule, utakuwa wa Benvindo milele. Watoto wa shule wataujifunza. Nikiutoa bila sababu, na kumbe ni wake, basi nimekuwa mimi sasa mwenye kalamu nyekundu. Siwezi kufanya kazi ya Bwana Takia, Linde. Nimeishi umri huu wote nisiifanye.

Nipe sababu. Nina mpaka mwisho wa mwezi.

Zoraide


Pomerode, 17 Juni 1987

Mama Zoraide,

Barua hii siiandiki kwa Kijerumani kwanza. Naiandika moja kwa moja kwa Kireno, mezani jikoni, saa tisa kasoro mchana, na mlango sijaufunga.

Sikuwahi kuwa na mjomba Rio. Sanduku ni la baba.

Sikukudanganya ili nimlinde kwa ubaya. Nilidhani namlinda kwa wema. Tulihamia huku nikiwa na miaka saba, baba alipostaafu mapema kwa ajili ya mgongo. Nilichojua ni kwamba alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi yenye karatasi nyingi. Nilipolikuta sanduku niliona mihuri, nikaona mistari myekundu, nikajitungia hadithi: kwamba kurasa zilikuwa zichomwe moto, na baba, mtu mpole, akazificha ndani ya koti akazileta nyumbani. Niliipenda hadithi ile. Sikutaka watu waseme aliiba. Kwa hiyo nikamzulia mjomba, na nikamuua kabisa ili asiulizwe.

Ndipo ikaja barua yako yenye takia. Baba naye ana takia lake la kukalia. Nilijiambia, matakia ni mengi duniani. Nikakuuliza rangi. Ukaniambia buluu, kifungo cha rangi nyingine. Hicho kifungo nilikishona mimi, Mama Zoraide. Ndivyo nilivyojiambia kwa furaha, kwamba nilikishona mimi nikiwa na miaka minane, kwa hiyo la mwaka sabini na moja si hili. Nikamwendea mama jikoni. "Mama, takia la baba lilikuwa na kifungo gani kabla ya changu?" Akasema bila kugeuka, "Chekundu, cha koti langu. Alilia nalo siku kilipodondoka, utadhani jino. Si ndiyo maana ukamshonea kingine?"

Bado nilikuwa na pa kujificha. Nilijiambia alikaa tu, labda aliyekata ni mmoja wa wale wawili. Kila alasiri baba hufanya chemshabongo la gazetini. Nimelitazama maisha yangu yote bila kuliona. Kwa mkono wake wa kawaida baba anaandika herufi zilizolala, zinazoshikana, kama nyasi upepo ukipita. Lakini kwenye vile visanduku anaandika herufi kubwa, zilizosimama. Siku ile nilipita nyuma ya kiti chake nikaona M. Mguu wa katikati unashuka mpaka chini kabisa, unagusa mstari. Nikaenda kabatini na tochi. KUPUMUA. MIMI. M ni ileile. Na wakati huu niliangalia kile nilichopaswa kuangalia tangu mwanzo: nyongeza za mwandishi ni za wino. Mstari huu ni wa penseli. Ulikuwa umekaa palepale pembeni, kwa herufi kubwa kama ulivyoniambia, na mimi nilikuwa na haraka, nikaunakili.

Si maelekezo ya jukwaani. Ni sababu ya kukata. Kila ukurasa una moja, nyingine zote nimezikuta kwa shida, zimefutwa kwa raba: WATU WATACHEKA SANA. HAPA MTU ATAKUMBUKA MAMA YAKE. Alikuwa anaandika pale ambapo mchezo una nguvu, ili ajue pa kupitisha kalamu nyekundu. Na kwenye swali la Jovina aliandika sababu iliyo kubwa kuliko zote, halafu akaongeza maneno mawili ambayo ofisi haikuyauliza.

Maneno uliyokaa nayo wiki nzima ni ya Bwana Takia.

Sikulala na hilo, nimetembea nalo tu, shuleni na kanisani. Namtazama anavyomenya kokwa za msonobari zilizochemshwa, anaziweka kwenye sahani yangu kwanza kabla ya yake. Nataka kumchukia na mkono wangu unapokea kokwa. Kitu kinachonitisha zaidi si kwamba alikata. Ni kwamba alielewa. Yule aliyelala hakuelewa kitu na yule wa saa hakuelewa kitu. Kati ya watu wote duniani ni mmoja tu aliyeuona mchezo ule mzima akaacha kupumua, na ndiye aliyeuzima. Halafu akazichukua kurasa, akahama nazo nyumba tatu, chini ya viatu. Je, wewe unajua jina la mtu wa namna hiyo? Katika lugha zangu zote mbili mimi sijalipata.

Juzi nilipita kabatini mchana, si kusoma, kuchukua koti. Baba alikuwa humo chumbani, amekaa kitandani, hakuniona. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anasema, polepole sana, "Naja, bibi. Naja, bibi." Nilirudi kinyumenyume. Kwa hiyo sisi wawili, kwenye nyumba moja, miaka yote hii, tumekuwa tukifichana Jovina.

Hiyo ndiyo sababu uliyoitaka. Sasa unayo, na unaweza kuandika jina lake popote: Evilásio Tolentino; Rauh ni jina la kina mama. Hapa mjini anacheza domino na mchungaji na kila mtu anamwita Seu Evi, yaani Bwana Evi. Ukiliandika, sijui kesho watamwitaje, na sijui mimi nitaitwaje. Nimefikiria sana kabla ya kukutajia. Lakini Benvindo miaka minane alitafuta maneno yake mwenyewe akafa hajayapata, na mimi nisimpe ya mtu mwingine badala yake, hata yakiwa mazuri, hata yakiwa ya baba yangu.

Uutoe mstari. Hutakuwa umefanya kazi ya mtu yeyote.

Nimekwisha kukuambia wewe. Kuna mmoja amebaki wa kuambiwa, na kauli yangu ya mdomo naijua, itapotelea tumboni. Kwa hiyo nimefanya hivi: sanduku nimelitoa, liko juu ya meza, kurasa kumi na tisa zimo ndani, kifuniko kiko wazi. Takia nimeliweka kwenye kiti kinachonitazama. Barua hii nikimaliza nitaigeuza ielekee upande wake.

Ameamka. Kitanda kimelia. Sapatu zinaburuzwa ukumbini, ya kushoto kwa nguvu zaidi kuliko ya kulia, kama kawaida. Daftari la Kijerumani liko karibu na kiwiko changu, ningeweza kulivuta.

Silivuti.

Binti yako,
Gerlinde Tolentino

*(Chini ya sahihi, kwa penseli:)*

BI ZORAIDE. MSTARI NI WANGU, UONDOE. KURASA ZENYEWE ZIMO NDANI YA BAHASHA HII, ZOTE KUMI NA TISA. BAADA YA SWALI KENGELE ILILIA TENA. ZILIKUWA TISA. NILIKUWA NAHESABU.